Datsun 240Z: toa umeme mkubwa kwenye dashibodi kabla hujagusa injini

Anayenunua 240Z iliyochoka kwa kawaida huanza kuwaza karbureta, ekzosi na springi za kushusha gari. Nakushauri uanze na nyaya, hata kama gari linawaka mara moja ukizungusha ufunguo. Gari hili lilitengenezwa kati ya 1969 na 1973, na chuma chake kilijaribiwa kwenye vumbi letu: lilishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, likashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Injini yake ya L24, silinda sita, ukiitunza inadumu. Nyaya hazina umri huo. Zimepita miaka hamsini, na katikati hapo mafundi wengi wameunga redio, king'ora na taa za ukungu, kila mmoja kwa utepe wake mweusi.

Tatizo kubwa si uzee peke yake, ni njia ambayo umeme unapitia. Ukiacha stata, karibu umeme wote wa gari unaingia ndani ya kebini, unapita kwenye mita ya ampea, kisha unagawanyika kwenda kwenye ufunguo, swichi ya taa iliyo kwenye usukani na sanduku la fyuzi. Taa kubwa hazina rilei, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Balbu mbili za H4 zenye wati 55 kwenye dim na 60 kwenye full zinakula karibu ampea 9 kwenye dim, na ampea 10 kwenye full, na ampea hizo zote zinapita kwenye vijisahani viwili vya shaba ndani ya swichi ndogo ya usukani. Chomoa plagi iliyo nyuma ya sanduku la fyuzi uitazame karibu na dirisha: mara nyingi plastiki yake nyeupe imegeuka rangi ya maandazi yaliyokaa sana kwenye mafuta, na kishikio kimoja kimelegea hata ukikigusa kinacheza. Kishikio kikilegea, ukinzani unaongezeka. Ukinzani ukiongezeka, joto linapanda. Joto likipanda, shaba inalainika na kulegea zaidi. Mduara huo haukatiki kwa kuweka fyuzi kubwa. Fyuzi kubwa inaruhusu tu moto ufike mbali.

Kabla ya kukata chochote, chomoa betri, ukianza na hasi. Piga picha kila plagi kutoka pande mbili, kisha funga kijikaratasi kwenye kila waya ukiandika unakotoka na unakokwenda. Usitegemee rangi peke yake. Rangi ya zamani hufifia, na waya mwekundu wenye mstari mweupe ukipata oili huonekana mwekundu mtupu. Tafuta mchoro wa umeme wa mwaka wa gari lako hasa, kwa sababu Datsun walibadilisha vitu mwaka hadi mwaka, na gari la usukani wa kulia halifanani kila mahali na lile la soko la Marekani, ambalo michoro yake ndiyo imejaa mtandaoni.

Nyaya za nyumbani usiziguse kwa kazi hii. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu unakatikia ndani kwa mtikisiko, na ganda lake halikutengenezwa kwa joto la chini ya boneti. Nunua waya wa magari wenye nyuzi nyingi nyembamba, ganda la kuvumilia nyuzi joto 105. Kwa 240Z nzima utahitaji milimita za mraba 1 kwa taa ndogo na vihisio, 2.5 kwa taa kubwa na feni ya ndani, 6 kwa njia kuu ya kuingia kebini, 10 kwa alternata, na 25 kwa kebo ya stata. Hesabu yake si ngumu: mita moja ya shaba ya milimita za mraba 2.5 ina takriban ohmi 0.007, hivyo ampea 10 kwa mita tatu zinapoteza volti 0.2 tu. Waya wa 0.75 mahali hapohapo ungepoteza volti 0.7, bado hujahesabu swichi na plagi.

Nyaya za zamani utakazobakiza, zimenye sentimita moja uone shaba. Ikiwa inang'aa, sawa. Ikiwa nyeusi au ya kijani, kata sentimita tano, angalia tena, endelea hadi upate shaba safi. Kubana kishikio kipya juu ya shaba nyeusi ni kuhamisha ugonjwa tu. Na hapa nina msimamo: bana kwa koleo halisi la kubania, usichomelee risasi. Risasi inapanda ndani ya nyuzi na kuufanya waya uwe mgumu kama kijiti, kisha barabara ya mawimbi inaukatia pale pale risasi ilipoishia. Baada ya kubana, vuta kwa nguvu ya mkono. Kikitoka, ni bora kitokee mezani kuliko chini ya dashibodi. Malizia kwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Utepe wa kawaida hulainika gundi na kukusanya vumbi.

Anza kazi yenyewe na ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi. Taa ya nyuma inayofifia ukikanyaga breki, geji ya mafuta inayocheza ukiwasha indiketa, stata inayolia "tak" na kunyamaza: nusu ya malalamiko haya ni ethi mbovu, na watu hubadilisha swichi na alternata bure. Kwangua rangi hadi chuma cheupe kwenye sehemu nne: betri kwenda bodi, bodi kwenda injini, fremu ya mbele karibu na redieta, na paneli ya nyuma ya taa. Kaza boliti yenye washa ya meno, kisha paka grisi juu, si chini. Pima ukiwa umewasha taa zote: mguu mmoja wa multimita kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye ganda la taa. Volti 0.1 ni nzuri, ikizidi 0.2 rudi ukakwangue.

Sasa mita ya ampea. Najua ni sehemu ya sura ya gari, lakini isipitishe umeme tena. Nyaya zake mbili nene ziunganishe pamoja kwa boliti na nati ndani ya kifuniko cha mpira, na mahali pake weka mita ya volti. Mita ya volti inakwambia zaidi kwa hatari ndogo; Datsun wenyewe waliweka mita ya volti kwenye 280Z za baadaye. Njia kuu kutoka betri kwenda kebini ipitishe kwenye fyuzi ya ampea 40 iliyo karibu na betri, isizidi sentimita 20 kutoka nguzo chanya. Kipande cha waya kabla ya fyuzi hakina ulinzi wowote, na kikigusa bodi hakuna kitakachokizuia.

Taa kubwa ndizo zinazowashinda wengi, hata mafundi wazuri. Kwenye magari mengi ya sasa swichi inapeleka chanya na balbu inapata ethi moja kwa moja kwenye bodi. Kwenye 240Z ni kinyume: chanya kinafika kwenye balbu kupitia fyuzi, na swichi ya full na dim ndiyo inayokata na kuunganisha ethi. Ukinunua seti ya rilei iliyofungwa tayari kwa ajili ya magari mengine, utaunganisha, utawasha, na hutasikia rilei ikilia. Wengine hapo hulaumu rilei na kununua nyingine.

Fanya hivi. Chukua rilei mbili za pini nne, za ampea 30, moja ya dim na moja ya full, uziweke mbele karibu na betri, plagi zikitazama chini ili maji yasikae. Chomoa soketi ya taa moja. Thibitisha kwa taa ya kupimia kwamba waya wa pamoja una chanya taa zikiwashwa, na kwamba nyaya mbili nyingine zinapata ethi kwa zamu ukibadili full na dim. Waya wa pamoja uupeleke kwenye pini 86 za rilei zote mbili. Waya wa dim uende pini 85 ya rilei ya dim, waya wa full pini 85 ya rilei ya full. Usibadilishe 85 na 86, kwa sababu rilei yenye dayodi ndani (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) inataka chanya kwenye 86, na ukiigeuza unapiga shoti. Pini 30 za zote mbili zipate umeme wa betri, kila moja na fyuzi yake ya ampea 15. Pini 87 ziende kwenye soketi mpya za balbu kwa waya wa 2.5, na pini ya pamoja ya balbu sasa iende ethi, safi, kwenye ile sehemu uliyokwangua mbele. Swichi ya zamani itabaki inabeba chini ya nusu ampea. Utaona tofauti usiku uleule, kwa sababu volti kwenye balbu ikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa takriban asilimia 30.

Taa za kuegesha na za dashibodi nazo zina fyuzi inayopata joto sana. Balbu za LED zinapunguza mzigo huo vizuri. Ukiweka LED kwenye indiketa pia, flasha ya zamani ya joto haitapiga, au itapiga ovyo, kwa hiyo nunua ya elektroniki. Sanduku la fyuzi za glasi libadilishe na la fyuzi bapa. Chagua fyuzi kulingana na waya, si kulingana na kifaa.

Alternata ya kiwandani inatumia rigureta ya nje yenye vijisahani vinavyotetemeka. Badala nzuri ni ya Datsun 280ZX, ampea 60, rigureta ikiwa ndani. Waya mnene wa milimita za mraba 10 utoke moja kwa moja hadi betri kupitia fyuzi ya ampea 80. Plagi yake ndogo ina pini mbili: S inasoma volti za betri, na L inaamsha alternata. Plagi ya rigureta ya zamani iache bila kitu. S uipeleke kwenye chanya cha betri; L ilete umeme wa ufunguo kupitia balbu ndogo ya wati 3 kwenye dashibodi. Balbu hiyo inafanya kazi mbili: inakuonyesha kama alternata haichaji, na inazuia umeme wa L kurudi kwenye koili. Ukiunganisha L na ufunguo bila balbu wala dayodi, utazima ufunguo na injini itaendelea kunguruma. Ikikamilika, pima betri injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika: volti kati ya 13.8 na 14.5.

Kwenye mfumo wa kuwasha, jihadhari na takometa, mita ya mizunguko ya injini. Ile ya 240Z inahesabu kwa mkondo unaopita ndani yake kuelekea koili, haisomi volti. Ukiweka moduli ya elektroniki inayokaa ndani ya distribyuta, waya wake wa umeme ulete kutoka kwenye ufunguo, kabla ya kipande cha ukinzani kinachotangulia koili, lakini umeme wa koili uache upite njia yake ya zamani kupitia takometa. Ukiukata, mshale unalala kwenye sifuri au unaruka ovyo. Na usiache ufunguo umewashwa injini ikiwa imezimwa. Koili inachemka, na moduli inaweza kuungua nayo. Pampu ya mafuta ya umeme, ukiiweka, ichague ya presha ndogo, psi 3 hadi 4, maana karbureta za aina ya SU haziwezi zaidi, na rilei yake ikatwe na swichi ya presha ya oili ili gari likipinduka na injini ikazimika pampu isiendelee kumwaga petroli.

Siku ya kurudisha betri, usiunganishe hasi moja kwa moja. Weka balbu ya H4 katikati ya nguzo hasi na kebo yake. Kama kila kitu kimezimwa na balbu inawaka kwa nguvu, kuna waya umegusa bodi; chomoa fyuzi moja moja hadi izimike, na hapo umejua njia yenye kosa bila kuunguza kitu. Ikibaki giza, badili balbu na multimita upime mkondo: chini ya miliampea 50 ni sawa.

Kisha funga kebo, washa injini na taa zote kwa dakika 20, na ushike kila plagi kwa vidole. Plagi yenye uvuguvugu iache. Ile usiyoweza kuishikilia, ifungue siku hiyohiyo. Baada ya kilomita 200 za kwanza za barabara mbovu rudia kukaza boliti za ethi na vishikio vya betri, na uangalie kila waya unapopita kwenye ukuta wa injini: mpira wa tundu uwe umekaa mahali pake, kwa sababu ukingo wa bati hapo unakata ganda kama wembe.