Land Cruiser iliyolala nyuma: anzia kwenye springi

Pole ndugu yangu. Land Cruiser 80 yako imelala nyuma, inakurusha kwenye mawe ya Igoma, na fundi anataka ubadili shokapu tu. Shokapu hutuliza mtikisiko. Uzito unabebwa na springi za koili. Gari likiwa tupu, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kila upande, uone imelala kiasi gani.

Nunua springi kwa jozi, kulingana na mzigo wako. Mimi niliweka ngumu za kubebea samaki. Nikirudi bila mzigo, mgongo ulikoma!

Kagua bushi pia, yaani mipira ya kwenye maungio ya mikono inayoshika ekseli. Bolti zake zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake; zikikazwa likining'inia, mpira unajisokota na kupasuka mapema.

Springi iliyobanwa ikifyatuka inaua, mwachie fundi mwenye vibanio. Breki zikaguliwe pia.