Kitasa kimoja katikati ya buti la faibaglasi

SWALI: Shikamoo fundi. Nimejiundia gari dogo, bodi yote ya faibaglasi. Mfuniko wa buti nimeufunga kitasa kimoja katikati, kwa skrubu nne. Nikienda kijijini kwetu Urambo vumbi linajaa ndani, pembe za mfuniko zinanyanyuka, na sasa kuna nyufa kama nyota kuzunguka skrubu. Nitafute kitasa kikubwa zaidi?
*Msomaji, Cheyo, Tabora*

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hongera kwa gari. Kitasa chako acha, hakina kosa.

Faibaglasi nimeijulia kwenye boti hapa Kigoma, pale Kibirizi, nikiziba matumbo yaliyogonga mawe. Inabeba mzigo mkubwa ukitandazwa, lakini ukiukusanya kwenye tundu moja inapasuka. Skrubu haina cha kung'ata humo. Kila mtikisiko unapanua tundu. Tumia bolti zinazopita hadi upande wa pili, zenye washa pana.

Na mfuniko huo unapinda. Ukiushika katikati tu, mpira wa pembeni unausukuma juu. Weka vitasa viwili, kimoja kila pembe ya nyuma, hata vya gari bovu. Kila kimoja kiwe na waya wake, nyaya zote mbili zivutwe na mkono mmoja wa kufungulia.

Kazi yenyewe iko upande wa ndani. Kwangua kwa msasa namba 40 mpaka ung'avu uishe, futa kwa asetoni. Chukua kipande cha plaiwudi cha milimita 12, kipana kuliko kitasa kwa vidole vinne kila upande, kichonge kingo ziwe mteremko, kibandike, kisha kifunike kwa mati, ule mkeka wa nyuzi za faibaglasi, tabaka tatu zilizoloweshwa rezini, gundi yake ya maji. Hadena, dawa ya kuigandisha, anza na mililita 10 kwa lita ya rezini. Kwa jua la Tabora la Oktoba fanya asubuhi, la sivyo rezini itagandia koponi. Kama rezini yako inauzwa na kichocheo chake (dawa ya kuharakisha kuganda) pembeni, usikutanishe kamwe kichocheo na hadena vikiwa vitupu: vinalipuka. Vaa miwani.

Kutoboa: bandika selotepu ya karatasi, tobolea upande wenye rangi, drili ianze kuzunguka kinyume mpaka ikwangue ngozi ya juu. Tundu likishavuka plaiwudi, lipake rezini ndani, maji yasiingie kwenye mbao.

Mpira wa kuzuia vumbi uvishe kwanza, ndipo upime vitasa. Wengi wanapima bila mpira, halafu mfuniko unakataa kufunga. Paka grisi kwenye ulimi wa kitasa, shusha mfuniko taratibu. Alama ya grisi itakuonyesha pa kuweka kishikio, kile chuma cha kwenye bodi kinachodakwa na ulimi. Matundu ya kishikio yawe marefu, upate kukisogeza.

Kabla hujafunga hata mara moja, funga waya wa dharura kwenye kila kitasa, upitie nyuma ya kiti. Mimi sikuuweka kwenye gari la kwanza nililomfungia mteja. Waya wa mkono ukakatika, na mfuniko niliouhangaikia siku nne nikaukata kwa msumeno huku mwenyewe akitazama. Iliniuma sana.

Mwisho funga mfuniko juu ya ukanda wa gazeti, uvute, ukizunguka buti lote. Pale gazeti linapochomoka kirahisi, shusha kishikio cha upande huo milimita moja, ujaribu tena.