Bodi inawaka, logi inalalamika namba nasibu

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina bodi ndogo ya ARM, Linux kerneli (moyo wa mfumo) 4.19, haina kibodi, haina skrini wala diski, ina memori kadi tu. Kila nikiiwasha logi inatema "random: dd: uninitialized urandom read", alafu kimyaaa, ssh (njia ya kuingia kwa mbali) haiitiki mpaka sekunde ya 94 hivi ndo unatokea mstari wa "crng init done", yaani jenereta ya namba nasibu ya kerneli iko tayari. Kitu cha ajabu nikichomeka kebo ya serial nikabonyezabonyeza hovyo inaamka mapema! Jamaa mmoja akanambia nitumie rngd, programu inayoilisha kerneli namba nasibu, niiambie isome /dev/urandom, mdomo wa kerneli yenyewe wa kutoa namba hizo, nimefanya na kweli sasa inawaka fasta. Nimetibu au nimeficha ugonjwa? Natakiwa kutoa bodi 40 kama hii.
Msomaji asiyelala

JIBU: Umeficha ugonjwa ndugu yangu, tena itoe hiyo rngd leo kabla hatujaendelea. Ulichofanya ni kuchota maji mtungini, ukayamwaga mtungini humohumo, alafu ukatangaza umetoka kisimani. Kerneli inahesabu imeletewa entropi (kutotabirika) mpya kumbe ni yake mwenyewe imezungushwa, kwa hiyo inajiona iko tayari wakati haijapata kitu.

Sasa hiyo serial yako ndo imenipa picha nzima. Kerneli haina bahati ya kuzaliwa nayo, inaokota vitu visivyotabirika, muda wa kibodi, muda wa diski, intarapti (kengele za vifaa kwa prosesa) za hapa na pale. Kompyuta ya mezani ina vurugu hizo tele, bodi yako inawaka kila siku vilevile kama saa, haina cha kuokota, we ukabonyeza ukaipa intarapti ikashiba. Maana yake ni kwamba hakuna chanzo kingine kinachoilisha, na pengine chipu yako ina jenereta yake ya namba nasibu ndani ila imelala tu.

Kabla ya hapo tusome logi vizuri. Hilo neno baada ya "random:" ni jina la programu iliyoomba. Kwako ni dd, amri ya kunakili data, na dd mara nyingi ni skripti ya kuwasha inayohifadhi mbegu (namba nasibu za kuanzia) ya safari ijayo, hilo peke yake halininyimi usingizi. Ningeona ssh-keygen au programu yoyote inayotengeneza funguo imesoma urandom kabla ya "crng init done", hapo ningefuta hizo funguo bila kuuliza. Na ule ukimya wa sekunde 94 usiuchukie, ni programu inayotumia getrandom, njia ya kuiomba kerneli namba iliyokuja na Linux 3.17 mwaka 2014, inakataa kupewa namba mpaka ziwe salama. Inachelewa kwa sababu ni ya kweli.

Kwa nini nakazania hivi? Mwaka 2012 mtafiti Nadia Heninger na wenzake walikusanya funguo za umma kutoka intaneti nzima, wakapata funguo za siri za RSA (funguo zinazojengwa kwa kuzidisha namba tasa mbili kubwa) za asilimia 0.50 ya mashine za TLS (usimbaji wa mawasiliano ya mtandaoni), bila kuvunja mlango wowote. Vifaa vidogo, ruta na ndugu zake, vilikuwa vinatengeneza funguo mara tu vinapowaka, entropi hakuna, viwili vikaangukia namba tasa moja ileile, na ukishakuwa na namba mbili kubwa zinazoshirikiana kigawo kimoja basi kukitafuta hicho kigawo ni hesabu ya sekunde chache tu. We una bodi 40 zinazofanana kama mapacha, fikiria mwenyewe.

Sasa kazi. Andika cat /sys/class/misc/hw_random/rng_available uone jenereta za chipu zilizopo. Ikija tupu, driva (programu ya kuendesha kifaa) haipo kwenye kerneli au kifaa kimezimwa kwenye faili la .dts (orodha ya vifaa vya bodi), kiwekee status = "okay", na driva uijenge ndani ya kerneli yenyewe, ikiwa moduli itachelewa kupanda na utarudi palepale. Ikija na jina lakini bado inasubiri, driva nyingi za kerneli za zamani zimejipa kwoliti (kiwango cha kuaminika) 0 kwa hiyo kerneli haichoti kwao yenyewe, hapo ndo rngd inafaa lakini isome /dev/hwrng, mdomo wa jenereta ya chipu, siyo urandom! Unaweza kupima unasibu na programu ya rngtest, ila usilewe matokeo, hata mbegu mbovu ikipita kwenye urandom inafaulu mtihani huo.

Kama chipu haina jenereta kabisa basi ni mbegu ya faili, na hapa watu wengi wanajikwaa, ukiimwaga mbegu kwenye /dev/urandom kwa dd inachanganywa lakini haihesabiwi hata biti moja, inayohesabiwa ni ile inayopita RNDADDENTROPY, ombi la kuiambia kerneli iihesabu, programu ya seedrng inakufanyia hiyo na iko ndani ya busybox (kifurushi cha amri za bodi ndogo) kuanzia 1.36. Mbegu ikishatumika ibadilishwe palepale kabla umeme haujakatika. Au panda kerneli, kuanzia 5.4 ya 2019 inaweza kujitengenezea entropi kwa kupima mtikisiko wa muda wake yenyewe, mradi prosesa iwe na kaunta ya kasi, sekunde 94 zako zitakuwa moja au mbili. Haveged, programu ya kutengeneza entropi, nayo inasaidia kwenye kerneli ya zamani, kwenye mpya siiweki.

Na kabla hujakopi imeji (nakala ya mfumo mzima) kwenda kadi 40, futa faili la mbegu na funguo zote za ssh zilizomo, kila bodi ijitengenezee zake baada ya "crng init done". Alafu pitisha ssh-keygen -lf kwenye funguo za bodi mbili tatu, inakuonyesha alama ya kila ufunguo, ukiona alama zimefanana hata mara moja usizitoe.