Cherehani ya Mtumba au Mpya: Jibu kwa Msomaji Aliyeniuliza

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniuliza swali linalomkabili kila anayetaka kuishi kwa sindano: amalize akiba yake kwa cherehani mpya, au achukue ya mtumba abakize fedha za vitambaa na uzi? Nilimjibu achukue ya mtumba iwapo itapita majaribio. Kwa kuwa najua wengi mnaosoma hapa mna ndoto ya kufungua karakana zenu, naona ni haki nieleze msimamo huo umetoka wapi.

Cherehani yangu ya kwanza ni Singer nyeusi ya chuma, yenye mshono mnyoofu tu, niliyoinunua kwa mjane wa fundi mmoja wakati ndugu zangu wakinihimiza nitafute mpya yenye mishono ya mapambo. Walisema mbele ya wateja wangu wa mwanzo kwamba nimenunua chuma chakavu, na maneno hayo yananiuma hadi leo. Hata hivyo, ni cherehani hiyohiyo iliyonijengea jina, na bado inashona, ilhali ile mpya ya shemeji yangu ilinyamaza mapema. Gia zake zilikuwa za plastiki. Moja ilipopasuka, sindano na ndoano ya chini, ile inayodaka uzi wa sindano, zikaacha kukutana kwa wakati, mishono ikaanza kuruka, na kipuri hakikupatikana kwa sababu modeli ile ilikuwa imeacha kutengenezwa.

Sisemi kwamba ya kale ni dhahabu kila mara. Nasema kwamba mshono wa nyuzi mbili, mmoja wa sindano na mwingine wa bobini, yaani kikorokoro cha uzi wa chini, ni uleule ambao mvumbuzi Elias Howe aliupatia hataza, yaani haki ya uvumbuzi, nchini Marekani mwaka 1846, kwa hiyo umri peke yake hauiharibu mashine. Kinachoiharibu ni kutu, uzembe na kukosa vipuri, na hayo yote yanaonekana kwa anayekubali kuinama akaangalia.

Kabla ya kulipa, zungusha gurudumu la mkono polepole, mzunguko mzima. Likiwa zito kote, huenda mafuta ya zamani yameganda yakawa kama gundi ya kahawia, na hayo huondoka kwa kusafisha na kutia mafuta mapya ya cherehani. Likiwa jepesi kisha likagoma mahali palepale kila mzunguko, kuna kitu kimepinda ndani, nawe uiache. Halafu funga sindano mpya uliyokuja nayo, ushone kitambaa chako mwenyewe: kwanza chepesi, kisha jinzi iliyokunjwa mara nne kama kwenye pindo. Geuza kitambaa. Vitanzi upande wa chini mara nyingi humaanisha kwamba uzi wa juu haukupita vizuri kwenye diski za kuukazia, jambo la dakika chache; lakini mshono ukiruka hata kwa sindano mpya iliyofungwa sawasawa, jihadhari. Uliza pia kuhusu bobini na sindano zake, maana baadhi ya mashine za zamani hutumia sindano ambazo hazitengenezwi tena.

Anayeshona vitambaa vinavyovutika, anayehitaji zigizaga na matundu ya vifungo kila siku, na asiye na fundi wa karibu, huyo namshauri anunue mpya yenye dhamana. Hata yeye aijaribu kabla ya kulipa. Ndugu zangu, msinunue kwa kuogopa macho ya watu. Mteja hukagua pindo la nguo yake, haulizi mashine ilizaliwa lini.

Msomaji wangu alisema atashona mashati na mapazia. Mshono mnyoofu imara utambeba, na matundu ya vifungo vichache atayatoboa na kuyashonea kwa mkono hadi apate mashine ya pili. Muuzaji akikataa kumruhusu ajaribu kwa kitambaa chake, aende kwa mwingine.