Ripoti yangu ya QGIS imefungwa: wanatudharau?

Swali: Natumia QGIS 3.22 kuchora ramani za mabomba ya maji hapa Goma. Kila nikitoa ramani ya A0 (karatasi kubwa ya karibu mita 0.84 kwa 1.19) kwa PDF, programu inajifunga. Nimewaandikia waundaji mara nne, ya mwisho kwa ukali, wakafunga ripoti yangu. Fundi mmoja mjini anauza "QGIS Pro" kwa dola 80 na anasema hiyo haina shida. Ninunue?

Jibu: Ndugu, weka dola zako mfukoni. QGIS ni moja na ni ya bure. Hiyo "Pro" ni jina alilolibuni fundi.

Ramani yako huenda haina hata kosa la programu. A0 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 9,933 kwa 14,043. Kila pikseli ikila baiti 4, picha moja tu inataka karibu megabaiti 560 za RAM, yaani kumbukumbu ambayo mashine inafanyia kazi. Ukiwa na safu inayopitisha mwanga juu ya picha ya setilaiti, nakala huongezeka, na mashine ya GB 4 inazimia. Shusha hadi nukta 150: mzigo unabaki robo.

Ikiendelea kujifunga, weka kwanza toleo jipya, maana matengenezo ya 3.22 yaliisha 2023, na hiyo peke yake inatosha ripoti kufungwa. Fungua wasifu mpya wa mtumiaji usio na programu-jalizi (nyongeza za QGIS) yoyote, ujaribu tena. Kosa likirudi, andika namba kamili ya toleo, hatua moja moja ulizofuata, kisha ambatanisha faili ndogo inayoleta kosa lilelile. "Haifanyi kazi" si ripoti. Asiyeweza kulirudisha kosa kwenye mashine yake hana pa kuanzia kulirekebisha.

Sasa huo ukali. Watu wengi hudhani programu ya bure ina ofisi ya wateja nyuma yake. Leseni yake, GPL toleo la 2, inasema wazi katika kifungu cha 11 kwamba hakuna dhamana. Wasomaji wa ripoti wengi wanajitolea jioni baada ya kazi. Wapo wanaolipwa, lakini kwa kazi maalumu ambayo shirika fulani limeigharamia, si kwa PDF yako. Aliyekaribishwa bugali hamgombezi mpishi kwamba sombe haina chumvi. Ukihitaji haraka, mlipe mwanaprogramu anayeijua QGIS. Hilo linaruhusiwa kabisa.

Na kelele zina hatari kubwa kuliko adabu mbovu tu. Mwaka 2022, akaunti zisizojulikana zilimbana mtunzaji pekee wa xz, programu ndogo ya kubana mafaili, kwamba ni mzembe, akabidhi kazi. Alikabidhi sehemu ya kazi kwa "msaidizi" aliyejiita Jia Tan. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Machi 2024 mwanaprogramu Andres Freund aliugundua kwa sababu kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kompyuta iliyo mbali, kulichelewa kama nusu sekunde.

Huyo aliyeingiza mlango angalau alihitaji miaka miwili. Fundi wako wa mjini, mwenye programu kwenye flashi, yeye anahitaji dakika tano na neno "Pro". Pakua kutoka qgis.org, faili la Windows linazidi GB 1, kwa hiyo mmoja apakue, wengine mgawane. Kisha kwenye dirisha la amri andika `certutil -hashfile`, jina la faili, halafu `SHA256`. Itatoka namba ndefu, kama alama ya kidole ya faili; ulinganishe na namba iliyowekwa kando ya faili pale pale tovutini. Ikitofautiana hata herufi moja, lifute.