Usukani Unatetemeka, Nichukue Dampa Gani?

Maswali ya wasomaji kuhusu pikipiki, na majibu ya fundi wetu

SWALI: Kaka habari za kazi. Pikipiki yangu nikitoka spidi kubwa nikaachia mafuta, ikishuka kama 70 hivi usukani unaanza kutetemeka kushoto kulia, nikishika kwa mikono miwili unatulia, nikitoa mkono mmoja unarudi tena. Washkaji wote wananiambia funga dampa ya stelingi, kile chombo cha kutuliza usukani, utasahau hilo tatizo. Hela ninayo ila aina ni nyingi mno, nichukue ipi?

JIBU: Salama ndugu yangu. Hiyo hela iweke kwanza, maana dalili uliyonieleza, ile ya kutetemeka wakati spidi inashuka na kutulia ukishika, mara nyingi inatoka kwenye tairi la mbele au beringi za stelingi, na dampa haitengenezi hata kimoja hapo. Itaficha tu.

Anza na upepo wa tairi, halafu pitisha kiganja juu ya tairi la mbele kwenda na kurudi, kama unasikia vibonde na vilima, upande mmoja unakwaruza na mwingine laini, hilo tairi limeshakula vibaya na ndilo linalokutikisa. Angalia rimu kama imepinda na kama gurudumu limebalansiwa. Kisha inua pikipiki gurudumu la mbele lining'inie, shika foko mbili, zile nguzo zinazoshika gurudumu la mbele, kule chini uvute mbele usukume nyuma, ukisikia kugonga au kucheza ujue beringi zimelegea. Bado hujamaliza, zungusha usukani taratibu mwisho hadi mwisho kwa kidole, ukifika katikati ukahisi kama umeingia kwenye kijishimo beringi imeshajichimbia njia na kukaza nati hakutasaidia, ni kubadilisha. Na kama una boksi la nyuma ambalo unalijaza mizigo, livue ujaribu bila hilo, uzito ukikaa nyuma na juu mbele panakuwa pepesi na usukani unaanza kucheza wenyewe.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo kwa sababu mimi mwenyewe nilishawahi kufunga dampa kwenye pikipiki ambayo beringi ilikuwa imeisha, ikatulia kabisa nikafurahi nikaona nimemaliza kazi, kumbe kule ndani beringi inaendelea kuliwa na mimi sisikii chochote kwa vile dampa inameza dalili zote, mpaka siku moja naingia kona usukani ukakataa kutoka katikati, ukaja kuachia kwa ghafla. Sikuanguka, lakini tangu siku hiyo sifungi dampa ya mtu kabla sijainua gurudumu la mbele.

Sasa dampa yenyewe inafanya nini? Ni chombo chenye oili na pistoni, na vitundu vidogo vya kupitishia oili. Ukizungusha usukani polepole oili inapita bila shida, usukani ukirushwa ghafla na shimo au jiwe oili haiwahi kupita, kwa hiyo ule mrusho unakufa humo. Haiurudishi usukani katikati wala haiunyooshi, inapunguza kasi ya kuzunguka basi. Inaisaidia pikipiki ambayo ni nzima ila kwa maumbile yake ni nyepesi mbele, yaani foko zimesimama wima zaidi, injini ina nguvu, ukifungua mafuta kwenye kona gurudumu la mbele linanyanyuka kidogo likishuka linatua limepinda. Kwa mfano, Kawasaki waliitoa pikipiki yao ya ZX-10R ya 2006 ikiwa na dampa ya kampuni ya Öhlins tayari kutoka kiwandani.

Kingine, tofautisha usukani kutetemeka na pikipiki nzima kuyumba. Kutetemeka ni kwa haraka, mara 4 hadi 10 hivi kwa sekunde, na hapo ndipo dampa inapofanya kazi. Kuyumba kunatokea kwenye spidi kubwa, ni taratibu, kama mara 2 hadi 4 kwa sekunde, unahisi nyuma na mbele zinapishana kama samaki anaogelea. Hiyo ya pili angalia shokapu ya nyuma, beringi za mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu la nyuma, mizigo na tairi, ukikaza dampa kwa ajili yake unaweza ukaizidishia.

SWALI: Fundi, kuna dampa za fimbo na kuna zile za kuzunguka zinakaa katikati ya usukani. Mimi naendesha lami siku za kazi, wikiendi niko kwenye mchanga na mawe. Ipi ni ipi?

JIBU: Kwa matumizi yako dada, ya kuzunguka. Ile ya fimbo inafungwa ncha moja kwenye fremu na nyingine kwenye foko au kwenye bamba la stelingi, kwa lami iko vizuri sana na kuitunza ni rahisi, ila ukiangusha pikipiki kwenye mawe fimbo ikipinda hata kidogo tu inaanza kukwama, na mchanga ukishikana na fimbo unakata sili, yaani ule mpira unaozuia oili kuvuja. Ya kuzunguka imekaa katikati, imejificha, na mhimili wake uko sambamba na mhimili wa stelingi.

Ila hata za kuzunguka hazifanani. Ya kampuni ya Scotts kwa mfano inazuia usukani unapotoka katikati, ukirudi inauachia, kitu ambacho kwenye mchanga kinakupunguzia uchovu wa mikono mno maana hupigani nayo wakati unanyoosha. Nyingine zinazuia kwenda na kurudi, na hizo wapo wanaozipenda kwa lami. Ukipata yenye marekebisho mawili, moja ya mwendo wa taratibu wa usukani na nyingine ya mrusho wa ghafla, chukua hiyo, kwa sababu kwenye mawe unataka usukani mwepesi mkononi lakini jiwe likiupiga likutane na ukuta.

Zipo pia zinazojirekebisha zenyewe. Honda waliweka dampa ya kielektroniki kwenye pikipiki yao ya CBR1000RR ya 2004, inasoma spidi na uongezaji mwendo, spidi ndogo inalegea spidi kubwa inakaza. Kama pikipiki yako ilikuja na ya namna hiyo ikiwa nzima, mimi siishauri kuitoa.

SWALI: Nimeshanunua ya fimbo, nilipoifunga usukani haufiki mwisho upande wa kulia. Niikate bamba la kushikilia au?

JIBU: Usikate chochote, na tafadhali usiiendeshe hivyo hata kidogo! Hiyo dampa ni fupi kwa pikipiki yako au imefungwa sehemu siyo. Kinachotakiwa kuuzuia usukani ni kizuizi cha kwenye fremu, siku zote, dampa ikigeuka kuwa kizuizi utavunja bamba au utapinda fimbo, na kibaya zaidi utakuta unataka kukata kona ya taratibu usukani umegoma. Kabla ya kununua pima urefu wa mwendo wa fimbo unaohitajika kutoka kushoto mwisho hadi kulia mwisho, chagua yenye mwendo zaidi ya huo, ukishafunga kila upande zibaki milimita chache ambazo hazijatumika. Nunua na seti ya kufungia ya modeli yako hasa. Angalia pia waya na mipira ya breki haivutwi.

Kurekebisha ugumu wa dampa, fungua kirekebishi chote mpaka sifuri, hesabu milio ya "klik" unapokizungusha, ongeza miwili miwili ukijaribu barabara ileile. Kipimo changu ni mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, ukienda taratibu hivyo ukajikuta unapigania balansi, pikipiki inaandika nane, umekaza kupita kiasi, rudisha. Na kukiwa na baridi oili inakuwa nzito, kwa hiyo ulivyoseti mchana wa jua asubuhi itahisi ngumu.

SWALI: Usukani ukishaanza kurushwa kwa nguvu nifanyeje?

JIBU: Usiukabe, mikono ikikakamaa mwili wako unaongezea mtikisiko. Bana tanki kwa magoti, inamia mbele kidogo, legeza viwiko, punguza mafuta taratibu, breki usizikamate kwa ghafla.

SWALI: Ya mtumba vipi?

JIBU: Inawezekana, ila uishike mkononi. Futa fimbo, isukume ndani na kuivuta mara kumi, kisha tazama kama imelowa oili. Geuza mwelekeo ghafla, ukisikia nafasi tupu kabla haijaanza kuzuia kuna hewa ndani au oili imepungua. Zungusha kirekebishi kutoka mwanzo hadi mwisho, ugumu usipobadilika iache. Na umuulize muuzaji kama sili za modeli hiyo bado zinapatikana, maana sili ndiyo itakuwa ya kwanza kuisha.