Fundi Saa Anajibu: Usikubali Uso Upakwe Rangi

*Shikamoo fundi. Marehemu babu alikuwa mtu wa reli hapa Tabora, ametuachia Seiko 5. Nyuma imeandikwa 6119-8083, na mahali pengine 2N4517. Ni ya mwaka gani, na ina thamani? Fundi mmoja sokoni anataka aupake uso rangi upya na kulisugua kasha ling'ae.* (Msomaji, Isevya, Tabora)

Marahaba. 6119 ni namba ya mashine, 8083 ni ya kasha. Umri umo kwenye hiyo nyingine: 2 ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, N ni Novemba. Januari hadi Septemba Seiko huandika 1 hadi 9, Oktoba ni O, Desemba ni D. Mashine ya 6119 ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1960 na haikufika miaka ya 1980, kwa hiyo saa yenu ni ya Novemba 1972. Zipo mashine nyingine zilizodumu sokoni zaidi ya miaka kumi, na kwa hizo tarakimu moja haitoshi kukuambia mwaka.

Sasa chukua lenzi, utazame ukingo wa chini wa uso, jirani na namba 6. Pawe na maandishi madogo mno yanayoanza na 6119. Yakikosekana, au herufi zikiwa nene na zimevimba kama za mkono, uso huo umeshapakwa rangi. Fundi akiufungua mgongo, mashine yenyewe isomeke 6119A au 6119C, vito 21 (vijiwe vidogo ambamo ncha za magurudumu huzungukia). Ukikuta 7009 ndani ya kasha la 6119, hiyo ni saa ya kuungaunga.

Kuhusu thamani: Seiko 5 zilitengenezwa kwa wingi, msitarajie bei ya shamba. Anayezikusanya hulipia uso wa asili, hata wenye madoa, na kasha ambalo kona zake bado kali. Likishasuguliwa, kona huwa mviringo na hazirudi. Mkatalie huyo fundi yote mawili. Kioo kilichokwaruzika kibadilishwe tu, hakuna ubaya. Ukilinganisha bei mtandaoni, angalia zilizouzwa, si zinazoombwa.

Jambo moja kabla hujaanza kuivaa: tarehe ya 6119 hubadilishwa kwa kusukuma ndani kichwa, kile kitufe cha ubavuni cha kurekebishia saa. Usikisukume kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, yaani mshale mfupi ukiwa kati ya 9 na 4 za usiku. Muda huo meno ya gurudumu la tarehe yameshashikana, na ukilazimisha utayavunja.

*Fundi, saa yangu ya otomatiki ilisafishwa kwa kuchovya mashine nzima kwenye mafuta ya taa, kisha ikatiwa mafuta ya cherehani. Sasa inakimbia dakika ishirini kwa siku, na nikiivua usiku asubuhi naikuta imesimama.* (Msomaji, Ujiji)

Una magonjwa mawili, yote ya huo huo mkono.

Kukimbia kwanza. Gurudumu la mizani, lile linaloyumba huku na huko kupima muda, huongozwa na kamani (springi) nyembamba kama unywele, iliyojizungusha kama jalebi. Mizunguko yake haitakiwi kugusana. Ikilowa mafuta hunata, kamani inakuwa kama imefupishwa, na saa inakimbia. Sumaku nayo huleta dalili zile zile, kwa hiyo anza na hiyo kwa kuwa ni rahisi: sogeza dira ndogo karibu na saa inayotembea. Sindano ikitikisika kufuata mapigo, saa imeshika sumaku, pengine ya spika au ya kifuniko cha simu. Fundi mwenye kifaa cha kuondoa sumaku aiweke juu, abonyeze, kisha aiondoe polepole mpaka kiasi cha nusu mita ndipo aachie kitufe. Akiachia saa ikiwa bado juu yake, ataiongezea. Kama sindano ya dira haikutikisika tangu mwanzo, basi ni mafuta. Usikubali akusogezee hadi mwisho ule mkono mdogo ndani ya mashine unaorekebisha saa iende haraka au polepole: ugonjwa utakuwa umefichwa tu.

Kusimama usiku kunatoka kwenye pipa la kamani kuu, ile springi inayotunza nguvu ya kuiendesha saa. Saa ya otomatiki iliyovaliwa siku nzima inapaswa kutembea zaidi ya saa thelathini ikiwa mezani. Kamani yake hushika ukuta wa pipa kwa msuguano, na ukuta huo hupakwa grisi maalumu ya breki. Mafuta ya taa yameilainisha, kamani inateleza kabla haijajaa.

Dawa ni kuifungua yote. Nguvu ya kamani iachiwe kwanza, vipande vioshwe mbalimbali kwa benzini ya kusafishia saa. Uma unaopokea gurudumu la mizani usilowekwe kwenye spiriti, kwa sababu vito vyake vimeshikwa na gundi ya jamii ya lakiri, na spiriti huiyeyusha. Kisha mafuta mepesi, mfano Moebius 9010, kwenye vito vya magurudumu ya kasi, mazito kwa yale ya polepole, na kila kito kijae nusu tu. Kikifurika, mafuta hukimbia yote na kito kinabaki kikavu. Fundi asiyekuwa na mafuta ya aina mbili, mshukuru uondoke.

*Nafanya kazi ya dagaa Kibirizi. Usiku ziwani kioo cha saa kinashika ukungu ndani, mchana unapotea. Nipuuze?* (Msomaji, Kigoma)

Usipuuze. Ukungu haupotei, unarudi kuwa mvuke humo humo, na kitu cha kwanza kuota kutu ni kijiti cha kichwa. Hakikisha hivi: pasha saa hadi iwe vuguvugu, weka tone la maji baridi katikati ya kioo kwa dakika moja, ufute. Doa la ukungu likibaki upande wa ndani, mgongo ufunguliwe siku hiyo hiyo, mashine ikaushwe, na mpira wa kifuniko ubadilishwe kwa wa kipimo kile kile, ukipakwa grisi ya silikoni. Mpira wa kichwa nao ukaguliwe. Mpaka hapo, saa ibaki nyumbani unapoingia mtumbwini, hata kama mgongoni imeandikwa inazuia maji.